Mboga Yenye Jina

Kwa miaka thelathini na miwili Mzee Anatoli alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya Kigoma, na katika miaka hiyo yote hakuna abiria aliyewahi kumlainisha. Alimshusha padri pale Uvinza. Alimshusha shemeji yake mwenyewe Malagarasi, na shemeji alikuwa amebeba jogoo wa Pasaka wa kumpelekea dada yake Melania, mke wa Anatoli huyohuyo. Jogoo alifika Kigoma salama, maana mzigo ulikuwa umelipiwa. Shemeji alifika kesho kutwa yake.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyestaafu, akarudi kukaa nyumbani Rusimbi, na kabla mwaka haujaisha akawa amempenda simbilisi.

Hakukusudia. Alichokitaka yeye kwenye kustaafu ni kiti, redio na watu wa kuwasalimia wakipita. Lakini Melania hakuwa mwanamke wa kumwacha mtu mzima akae bure. Mama yake Melania alivuka ziwa kutoka Uvira na watoto wanne, sufuria mbili na simbilisi watatu kwenye kikapu, wale wanyama wadogo wa kufugwa kama panya wasio na mkia, na tangu siku hiyo ukoo ule haujawahi kukosa simbilisi. Wa kwake Melania walikuwa kama arobaini, wakizurura kwenye sakafu ya jiko la nje, wakilala chini ya kichanja cha vyombo, wakila kila ganda lililodondoka. Wengine aliwapika, wengine aliwauza.

"Baba Diana," alimwambia mumewe wiki ya pili tu ya kustaafu, "hao wanataka majani asubuhi na jioni. Panga liko nyuma ya mlango."

Akampa na sheria za jiko. Hazikuwa nyingi.

"Humu ndani kuna mbegu na kuna mboga. Mbegu ni majike na lile dume kubwa la kijivu. Wengine wote ni mboga. Na hakuna kumpa mtu jina."

"Nani atampa panya jina?" alisema Anatoli kwa dharau.

Basi akawa anakata majani. Na kila alipoingia jikoni na mzigo wake, simbilisi walikimbia wote chini ya kichanja, isipokuwa mmoja. Alikuwa dume dogo, jeupe lenye mabaka ya rangi ya chai, na nywele za utosini zimejizungusha kama kofia iliyovaliwa upande. Huyu hakukimbia. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye ndala za mzee, akanusa kidole gumba, akanusa cha pili yake, akapanda kwenye mzigo wa majani na kuupitia bua kwa bua kabla ya kuruhusu wengine waje kula. Siku ya tatu alianza kupiga filimbi, wiii, wiii, mara tu alipozisikia ndala zile uani.

Anatoli alisimama na panga lake akamtazama. Ule ukaguzi aliujua. Hata ile kofia ya upande aliijua.

"Mkaguzi," alisema polepole, halafu akageuka haraka kuona kama Melania amesikia.

Mambo yalikwenda vizuri hadi Ijumaa Castory alipokuja.

Castory alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, wa Ujiji, mwenye uwanja mdogo wenye wigo ambako alifuga kobe wawili, vinyonga kadhaa na chatu mmoja, akiwaonyesha wageni wanaopita kutazama mambo ya kale. Kila baada ya wiki mbili alikuja Rusimbi kwa bodaboda, na kikapu chenye mfuniko, kununua chakula cha chatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyo nyoka wako hajafa tu?"

"Anakusalimia, mzee."

Melania alipiga magoti, akatumbukiza mkono chini ya kichanja bila kuangalia, kama mtu anayechota unga, akautoa. Mkononi alikuwa Mkaguzi, miguu inaning'inia, akimtazama Anatoli.

"Huyo hapana," alisema Anatoli.

"Kwa nini?"

"Ana mimba."

Melania alimgeuza simbilisi tumbo juu, akachungulia, akayarudisha macho kwa mumewe. "Labda mwenye mimba ni wewe."

"Anaumwa, basi. Nimemsikia anakohoa. Tangu juzi anakohoa."

Alisema hivyo kwa ile sauti yake ya treni, sauti ambayo watu walikuwa wakishuka nayo wenyewe bila kusukumwa, na Castory akarudi nyuma hatua moja. "Mama, kama anaumwa mimi simtaki. Wangu akiambukizwa nitampeleka hospitali gani?"

Melania akamwachia Mkaguzi, akachota mwingine. Alikuwa mweusi, mnene, wa kawaida kabisa. Castory akamtia kikapuni, akafunika, akaondoka. Anatoli alishusha pumzi. Pumzi haikufika chini. Yule mweusi naye alikuwa amemtazama wakati mfuniko unashuka, na Anatoli alijaribu kukumbuka kama asubuhi ile alikula majani au la, akashindwa. Hakuwahi kumwangalia.

Wiki mbili zilipokaribia kwisha alishikwa na hofu. Kikohozi hakiwezi kuwa cha miezi. Akafikiria kumficha chumbani, lakini Mkaguzi alikuwa na ile filimbi. Akafikiria kiwi ya viatu, akaiacha, akihofia simbilisi ataramba na tumbo limsumbue. Mwisho, alfajiri ya Ijumaa, Melania alipokwenda Katonga kununua samaki, mzee alichukua sufuria kubwa, akakwangua masizi ya chini yake, akakaa kwenye kigoda na kumpaka Mkaguzi kuanzia kofia hadi mkiani, ambako simbilisi hana mkia, ili apotee kwenye giza la chini ya kichanja. Mkaguzi alidhani anachanwa nywele. Alitulia tuli, akasinzia.

Castory alipofika, Melania alitumbukiza mkono, akautoa, akasimama palepale na simbilisi mweusi tii.

"Huyu katoka wapi?"

"Si wako?" alisema Anatoli. "Mimi nitajuaje? Wote wanafanana."

Melania akambadilisha mkono. Kiganja cha kulia kilikuwa cheusi. Akaangalia gauni lake, nalo lilikuwa na vidole vitano vyeusi kiunoni. Akaangalia mikono ya mumewe, ambayo mzee alikuwa ameificha nyuma, na shati lake jeupe la ukaguzi, ambalo hakukumbuka kulificha. Kisha akampuliza simbilisi utosini. Masizi yakapaa, kofia ya upande ikatokea.

Kilichofuata majirani walikisikia hadi barabarani. Melania alicheka kwanza, na akimaliza kucheka akagomba, na akimaliza kugomba akacheka tena. Mkaguzi mzima wa serikali! Aliyemwacha shemeji yake porini na kumleta jogoo! Sasa anakwangua sufuria za watu!

"Na jina umempa," alisema. "Usinidanganye. Umempa."

Anatoli alifuta mikono kwenye suruali.

"Anaitwa nani?"

"Mkaguzi."

Alitegemea Castory acheke pia. Castory hakucheka. Aliweka kikapu chini, akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa.

"Mzee, wako ana jina. Hata wangu analo. Anaitwa Agape."

"Nyoka anaitwa Agape?"

"Nilimkuta kwenye michikichi huko njia ya Kalinzi, ana urefu wa mkono huu, na watu wanne wenye majembe wamemzunguka. Nikawaambia niachieni mimi. Ni miaka sita sasa. Akimeza, siku tatu hataki kelele, na mimi sipigi redio. Akijivua gamba nakaa naye. Wewe unamwonea huruma huyu, sawa. Mimi wangu nimnunulie mchicha?"

"Mfundishe."

"Agape anakula mara moja kwa wiki mbili, roho moja. Wewe jana umekula nini?"

"Dagaa," alisema Melania kwa niaba ya mumewe. "Sahani mbili."

"Sahani mbili za dagaa ni roho ngapi, mzee? Mia tatu? Mia nne? Na jioni ukaenda kulala vizuri."

Anatoli alitaka kujibu kwamba dagaa hawapigi filimbi mtu anapoingia. Aliona mwenyewe kuwa hilo si jibu. Castory akaondoka na simbilisi mwingine, wa rangi ya mchanga. Safari hii Anatoli alimwangalia vizuri.

Na kwa kuwa alimwangalia, hakutulia. Alizunguka uani mara mbili, akaingia ndani, akavaa koti lake zito la reli pamoja na joto lote lile, akasimamisha bodaboda. Alijiambia kwamba anakwenda Ujiji kuona tu. Mtu akishiriki jambo, ana haki ya kuona linavyoishia.

Alimkuta Castory kwenye uwanja wake, amechuchumaa mbele ya kibanda cha waya. Ndani, Agape alikuwa amejikunja kwenye kona, mita tatu kasoro kidogo, mnene kama paja la mtoto, madoa yake ya kahawia yamepangwa vizuri kuliko kitenge chochote alichowahi kuvaa Melania. Anatoli alikuja tayari kumchukia. Akajikuta anatafuta pa kuanzia.

"Mguse," alisema Castory, akafungua mlango wa waya kidogo. "Mgongoni. Hana neno."

Akamgusa. Alidhani atateleza kama kambale, kumbe ni mkavu, wa baridi, na chini ya mkono kitu kizito kilikuwa kinapumua taratibu sana. Mzee alitoa mkono. Ilimuudhi kwamba alipenda.

Kisha Castory akafungua kikapu na kumtia simbilisi wa rangi ya mchanga ndani.

Simbilisi alikaa katikati. Akanusa hewa. Akanusa majani makavu. Kisha, na hapa ndipo mambo yalipoharibika, akaanza kula moja ya majani yale, bila haraka, kama yuko kwao. Kwenye kona kichwa cha Agape kilinyanyuka kidogo na ulimi ukatoka.

Anatoli hakujua mdomo wake umefunguka saa ngapi. "Tiketi!" alipiga kelele, kwa sauti iliyowahi kuamsha behewa zima la daraja la tatu, akajitupa na mkono mzima ndani ya kibanda, akamnyakua simbilisi, akamtia kifuani ndani ya shati.

Mkono ulitoka ukiwa na chatu.

Agape alikuwa amerusha kichwa pale ambapo chakula kilikuwepo muda mfupi uliopita, na akapata mkono wa koti la reli. Akaliuma. Kwa kuwa kwake kuuma na kujizungusha ni kazi moja, akajizungusha, mara moja, mara mbili, hadi begani.

"Usimvute!" alipiga kelele Castory. "Utamvunja meno!"

"Meno ya nani?"

"Yake! Tulia, mzee! Usimtishe!"

Walizunguka uwanja ule, mzee mbele, chatu mkononi, simbilisi anapiga filimbi kifuani, Castory nyuma anautafuta mkia. Kobe mmoja alikanyagwa mgongoni asijali. Mwishowe Castory aliupata mkia, akaanza kumfungua chatu mzunguko kwa mzunguko, akimbembeleza, "Taratibu, mama, taratibu, si chakula hiki, hili ni koti." Alipofika kichwani alichukua chupa ya spiriti kwenye boksi la dawa, akadondosha matone mawili pembeni ya mdomo. Agape akaachia, kwa uso wa mtu aliyepewa chai isiyo na sukari.

Koti lilitoboka mara ishirini na kitu. Mkono ndani yake ulikuwa na alama tu. Walikaa chini wote wawili, wanahema.

"Umemnyima mwanangu chakula," alisema Castory. Alikuwa amekasirika kweli. "Wiki mbili amesubiri. Ungekuwa wewe?"

Anatoli alimtazama chatu amerudi konani, amejikunja, kichwa juu ya mwili wake mwenyewe. Akaona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya ajabu, maana simbilisi bado alikuwa anamkwaruza kifua.

"Nitamlipa," alisema. "Panya anakula?"

"Anakula sana. Mimi sina mtego tu."

Basi hapo mzee akaona njia imefunguka. Panya! Panya walimtobolea gunia la mahindi. Panya walimlia mfuko wa koti hilohilo mwaka juzi. Hakuna mtu duniani anayempenda panya. Alirudi Rusimbi amefurahi, simbilisi wa rangi ya mchanga akamwachia jikoni bila kusema neno, akatoa mtego wa waya stoo, akautega na kichwa cha mgebuka, samaki wa ziwani. Asubuhi alikuta panya ndani, mkubwa, wa kijivu.

Alikuwa ameamua kutomwangalia. Lakini alipouinua mtego, panya alisimama kwa miguu ya nyuma, akashika waya kwa mikono yote miwili. Vidole. Kama mtu kwenye dirisha la treni anayeuliza hapa ni wapi. Anatoli akaufunika mtego na gazeti.

"Mzee, umebeba nini?" aliuliza mwendesha bodaboda njiani.

"Endesha."

Alipofika, Castory alifunua gazeti kidogo, akalirudisha. "Mzuri. Lakini huyu hatuwezi kumtia hai. Panya ana meno, anaweza kumng'ata Agape jicho. Lazima auawe kwanza."

"Haya, muue."

Castory alijikuna shingo. "Mzee, niseme ukweli. Mimi sijawahi."

"Hujawahi nini?"

"Kuua kitu. Simbilisi huwa namtia tu ndani, halafu naangalia pembeni. Anayeua ni Agape. Hata kuku, dada yangu ndiye anayechinja. Ua wewe, wewe ni mkubwa."

Anatoli akapiga hesabu ya miaka yake sitini, na nyama yote iliyopita humo, Krismasi na harusi na misiba, akatafuta hata siku moja aliyoshika kisu. Alikuwa amekula sana. Siku zote kilikuja kwenye sahani.

Walikaa na mtego katikati yao. Mara mbili mmoja wao aliinuka kama anayetaka kufanya kitu, akakaa. Panya alikula kipande cha mgebuka kilichobaki. Saa nne na nusu Castory alisema, "Au tukamuulize Mama Diana?"

Walipanda bodaboda moja, watatu na panya.

Melania alikuwa anapepeta mchele. Alisikiliza maelezo yao hadi mwisho, mmoja akianza sentensi na mwingine akimalizia. Akaweka ungo chini. Akauchukua mtego, akaenda nao nyuma ya jiko. Kulisikika kishindo kimoja kidogo. Akarudi na panya amezungushiwa gazeti, akampa Castory, akanawa mikono kwenye beseni, akachukua ungo.

"Kuna mwingine?"

"Hapana, mama. Asante, mama."

"Kila Jumapili mnakula nyama," alisema Melania. Alimtazama mumewe zaidi kuliko Castory. "Mlidhani wanajiua wenyewe?" Akapepeta mara mbili, tatu. "Unafikiri mimi siwaoni, Baba Diana? Huyo wako mwenye kofia nilimwona tangu alipozaliwa, walikuwa wanne, akawa wa mwisho kusimama. Mimi ndiye niliyemlisha uji kwa kijiko. Nikisema hakuna majina, siyo kwamba siwezi kuyafikiria."

Ulikuwa mwaka wao wa arobaini kwenye ndoa, na hili Anatoli hakulijua.

Jioni ile, Castory aliporudi kutoka kumlisha Agape, Melania ndiye aliyekata shauri, kama kawaida. Chatu atakula panya, Castory atanunua mtego wake, na kazi ya nyuma ya jiko ataifanya yeye hadi hapo wanaume watakapokua. Kuhusu Mkaguzi, akasema lile dume la kijivu limezeeka, linalala tu. Mkaguzi atakuwa mbegu. Mzee alifurahi kiasi cha kutaka kumshika mkono mbele ya mgeni.

Hakuuliza dume la kijivu litakwenda wapi. Jumapili, baada ya misa, lilikuja kwenye sahani na ndizi.

Alikula mchuzi kwanza. Nyama akaizungusha, akaipeleka kushoto, akairudisha kulia. Melania alikuwa anamtazama. Mwishowe akaila. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomtia huzuni. Baadaye alikaa nje na redio imezimwa, na mtu aliyepita akasalimia "Mwakeye, mzee" alilazimika kurudia.

Mkaguzi naye alibadilika. Kuwa mbegu kulimpa wake kumi na wanane na shughuli zisizoisha. Mzee aliingia na majani, ndala zinalia, na filimbi haikusikika. Aliita. Mkaguzi alitoka chini ya kichanja, akang'oa bua moja bila kulikagua, akarudi kwa wake zake. Wiki nzima Anatoli aliichukulia kama barua ya kufukuzwa kazi. Halafu akaona kwamba simbilisi amenenepa, anang'aa, hana haja na mtu, na akajaribu kuridhika.

Ijumaa zake akawa anazimalizia Ujiji. Zamu ya chakula ikifika alipeleka kifurushi cha gazeti, akakaa na Castory mbele ya kibanda, wakiongea kwa sauti ya chini ikiwa Agape amemeza. Alijua sasa kwamba chatu anapenda jua la asubuhi na hapendi harufu ya vitunguu. Siku moja Agape alilaza kichwa juu ya kiatu chake, na mzee alikaa hivyo hadi mguu ukafa ganzi, asithubutu kuusogeza.

Melania akasikia habari hizo, akasema lazima naye amwone huyo anayemmalizia mume wake Ijumaa. Akavaa kitenge kipya, akaenda. Castory alimkaribisha kwa heshima zote, akampa kiti, akamtoa Agape kibandani na kumlaza kwenye mkeka.

Melania alimzunguka mara moja. Akachuchumaa. Akambonyeza mgongoni kwa vidole viwili, karibu na kichwa, halafu katikati, halafu karibu na mkia, vilevile anavyobonyeza mgebuka kwenye meza za Katonga kabla ya kuanza kubishana bei. Akapima unene kwa shibiri. Akatikisa kichwa, amependezwa.

"Kwetu Uvira," alisema, "bibi yangu alikuwa anampika na mawese. Unamkata hapa, na hapa, na hapa. Huyu atalisha watu ishirini."

Castory alikuwa ameshamwinua chatu mzima mabegani, amerudi nyuma hadi kwenye wigo.

"Nauliza tu," alisema Melania. "Huyu ni mbegu au ni mboga?"

Anatoli alijikuta amesimama kati yao, mikono imenyooka pande zote mbili, kama anayezuia mlango wa behewa. Mkewe alimtazama kutoka chini, kwenye mkeka, kwa uso usiosema kama anatania au la, na alikaa na uso huo muda wote bodaboda ilipokuwa inawarudisha Rusimbi. Tangu siku hiyo Castory anampokea Melania vizuri sana, kwa shikamoo ndefu na soda ya baridi, lakini anampokelea nje, getini, na geti amelishika kwa mkono wa nyuma.